Kuendesha ligi ya fentasi ya hoki ya barafu, kuanzia katiba hadi siku ya zawadi

Aliyezoea FPL (fentasi ya Ligi Kuu ya England, ambapo timu yako ya kubuni hupata pointi kwa wanachofanya wachezaji halisi) akiingia kwenye fentasi ya hoki ya barafu huja na tabia moja inayomponza: anadhani kila mtu anaweza kuwa na nyota yuleyule. Kwenye FPL nusu ya ligi yenu ina Haaland na maisha yanaendelea. Huku Connor McDavid, nyota wa Edmonton, ni mmoja, mwenye naye ni mmoja, na wengine kumi na mmoja wanamkodolea macho hadi Aprili. Hapo ndipo yanapoanzia mengine yote: drafti (kugawana wachezaji kabla ya msimu), weiva (kusajili wasio na mwenyewe), kubadilishana wachezaji, ugomvi, na haja ya kuwa na mtu wa kuamua ugomvi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuanzisha ligi yake mwenyewe na kuifikisha salama mwisho wa msimu, tuseme kundi la marafiki wa Edmonton, Toronto au Minneapolis, pamoja na binamu wawili wa Nairobi na Dar walioingia kwa ushabiki. Ligi haifi kwa sababu watu hawajui hoki. Inakufa Januari, pale watu wawili wanapobadilishana wachezaji kwa namna inayonuka, na hakuna popote palipoandikwa nani mwenye neno la mwisho.

Hoki yenyewe, kwa wasioijua

NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ina timu 32, saba kati yake za Kanada na zilizobaki za Marekani. Msimu huanza karibu na Oktoba na kuisha katikati ya Aprili. Kila timu ilizoea kucheza mechi 82, na kuanzia msimu wa 2026–27 zinakuwa 84. Kwenye barafu kuna watu sita kila upande: kipa, mabeki wawili, senta mmoja na mawinga wawili. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Bao moja linaweza kuwa na asisti mbili. Mchezaji akifanya kosa anakaa kwenye kibanda cha adhabu, mara nyingi dakika mbili, na wapinzani wanapata pawaplei, yaani watano dhidi ya wanne. Lishike neno hilo, kwa sababu pointi nyingi za fentasi hutoka hapo.

Kama unadhani mchezo huu hautuhusu, Nairobi kuna watu waliojifunzia kwenye barafu ya hoteli ya Panari, na mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, hadi Kanada, wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Hatua ya 1: Idadi ya watu na umbo la timu

Kumi na wawili ndiyo idadi nzuri. Mkiwa wanane, kila timu inajaa nyota na hakuna anayelazimika kufikiri.

Umbo la kawaida ni senta 2, mawinga wa kushoto 2, wa kulia 2, mabeki 4, makipa 2 na benchi 4. Hizo ni nafasi 16, mbali na nafasi za majeruhi, ambazo mimi huweka mbili. Zidisha kwa timu 12: wachezaji 192 wana wenyewe. Usiku ambao timu zote za NHL zinacheza, wanaovaa jezi ni 640, ishirini kila timu. Kwa hiyo nje kumejaa washambuliaji na mabeki wanaofaa wasio na mwenyewe.

Makipa ni habari nyingine. Timu ni 32, nyingi zina kipa mmoja wa kutegemewa, na nyingine hazina hata huyo kwa sababu makipa wawili wanagawana mechi. Ninyi 12 mkishika wawili wawili wanakwenda 24. Kila mtu akitaka watatu wanahitajika 36, na hao hawapo. Kwa hiyo weka kikomo cha makipa watatu kwa timu, la sivyo kuna mjanja atakayewalundika watano na kuwauza kwa bei ya dhahabu.

Kuhusu tovuti, Yahoo ni nyepesi kwa wageni, ESPN haipishani nayo sana, na Fantrax ni ya wenye sheria ngumu, kama kubaki na wachezaji mwaka hadi mwaka au kuhesabu mishahara yao.

Hatua ya 2: Mfumo wa kuhesabu

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya vipengele: kila wiki timu mbili zinapambana kwenye mabao, asisti, pointi za pawaplei, mashuti, vikumbo na mashuti yaliyozuiwa, na kwa makipa ushindi, wastani wa mabao ya kufungwa na asilimia ya kuokoa. Anayeongoza kipengele anakichukua, na wiki inaisha 5–4 au 7–2. Ya pili ni ya pointi: kila tendo lina thamani, mnajumlisha, mwenye nyingi ameshinda.

Mimi ni mtu wa vipengele, kwa sababu vinampa thamani mchezaji ambaye magazeti hayamwandiki. Kiefer Sherwood alipiga vikumbo 462 msimu wa 2024–25 akiwa na Vancouver, rekodi ya NHL. Kwenye ligi inayohesabu mabao na asisti tu, huyo ni mtu wa kawaida. Kwenye ligi ya vipengele, peke yake anaweza kukushindia kipengele kizima cha wiki.

Jumlisha-toa, ile takwimu inayompa mchezaji moja timu yake ikifunga bao lisilo la pawaplei akiwa kwenye barafu na kumnyang’anya moja ikifungwa bao la namna hiyo, ningeiondoa. Inamwadhibu beki mzuri kwa kosa la kuajiriwa na timu mbovu.

Mkichagua pointi, fanyeni jaribio hili kabla ya kukubaliana: chukueni takwimu za msimu uliopita, ziwekeni kwenye hesabu yenu, muone nani anakuja juu. Kama kumi bora wote ni makipa, punguzeni thamani ya kuokoa. Mkigundua hilo Novemba, mmeshachelewa. Wazee wa Kanada walilijua tatizo hili zamani: kwenye baadhi ya ligi zao Wayne Gretzky aligawanywa kuwa wachezaji wawili, mmoja wa mabao na mwingine wa asisti. Hawakuwa wanatania. Ukifuta mabao yake yote 894, asisti zake 1,963 peke yake zinazidi pointi zote (mabao na asisti kwa pamoja) za mchezaji mwingine yeyote wa NHL.

Hatua ya 3: Katiba, kabla ya drafti

Aliyewahi kukaa kwenye chama cha kuzungushiana fedha anajua: sheria ya faini huandikwa siku ambayo hakuna aliyechelewa. Ligi ni hivyo hivyo. Kabla ya drafti hakuna anayejua ni nani kifungu kitamuumiza, na ndiyo maana watu wanakuwa waungwana. Baada ya drafti kila pendekezo la kamishna, yaani msimamizi wa ligi, linaonekana limekatwa kwa kipimo cha timu yake.

Kurasa mbili zinatosha. Ziseme drafti ni lini na ya aina gani, mtu anaweza kusajili wachezaji wangapi kwa wiki (wanne panatosha), siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, timu ngapi zinaingia mtoano, sare inavunjwaje, fedha anashika nani, na kifungu kinabadilishwaje. Kwa hili la mwisho ningeandika: hakuna sheria inayobadilika katikati ya msimu isipokuwa wote 12 wakubali.

Kifungu cha kubadilishana wachezaji kinahitaji maneno yenyewe, kwa hiyo nakupa cha kuazima:

“Wawili wakikubaliana, ligi ina saa 24 za kupinga. Kinachopingwa ni njama, si ujinga. Mtu ana haki ya kufanya biashara mbovu. Pingamizi likitolewa, wajumbe watatu wasiohusika wataamua ndani ya saa 12, na uamuzi wao utawekwa kwenye kundi pamoja na sababu zake.”

Usikubali mfumo wa kura ambao tovuti nyingi zinautoa, ule wa timu kadhaa kupiga kura ya kukataa. Watu hawapigi kura kwa haki, wanapiga kwa hofu: mpinzani wangu anaimarika, basi napinga. Baada ya kura tatu za namna hiyo hakuna anayehangaika tena kutuma ofa, na ligi imepoa.

Njama inajulikana ukiiona. Timu inayoburuza mkia inamtoa nyota Machi kwa shemeji yake aliye nafasi ya pili, na inapokea mtu aliyekuwa benchi. Au mchezaji “anaazimwa” kwa wiki moja kisha anarudi. Hizo zifutwe bila huruma. Lakini mtu akimtoa beki nyota Cale Makar kwa washambuliaji wawili kwa sababu anaamini anahitaji mabao, muacheni, atajifunza.

Hatua ya 4: Fedha

Mweka hazina asiwe kamishna. Walio Kanada wanatuma kwa Interac, huduma ya huko ya kutumiana fedha, walio nyumbani kwa M-Pesa kupitia ndugu mmoja. Amueni mapema hesabu ni ya dola au shilingi, na makato ya kutuma yanabebwa na nani. Hela yote iwe imeingia kabla ya drafti. Asiyelipa hachagui, hata kama ni kaka yako.

Mbali na kiingilio, dai dhamana ndogo. Mtu anarudishiwa mwisho wa msimu kama alishughulikia timu yake hadi siku ya mwisho, hata akiwa wa kumi na mbili. Hakuna dawa nzuri kuliko hii ya timu zinazotelekezwa.

Kuna wenzetu ambao kushindania fedha kwao ni kamari, na kamari ni haramu. Usiwafanye waombe radhi. Ligi nzima inaweza kwenda bila fedha: bingwa anapewa kikombe cha kuzunguka, na aliyeshika mkia anawapikia wote pilau. Ushindani haupungui, niamini. Ukishawahi kupika pilau ya watu kumi na wawili huku unachekwa, msimu unaofuata unasoma ratiba.

Hatua ya 5: Drafti

Ipange siku chache kabla ya msimu kuanza, baada ya mechi nyingi za majaribio kuisha, ili walioumia wajulikane. Jumamosi saa sita mchana ya Toronto ni saa nne asubuhi Edmonton na saa moja jioni Nairobi. Kila mtu yuko macho, hakuna kisingizio.

Drafti ya nyoka, ambayo zamu hugeuka kila raundi, ndiyo rahisi: anayechagua wa kwanza anachagua tena wa 24 na wa 25, na wa mwisho anapata wa 12 na wa 13 kwa mpigo. Mnada ni wa haki zaidi, maana kila mtu anaweza kumtaka McDavid mradi ana hela. Kwa dola 200 za mchezo na nafasi 16, unaweza kupandisha hadi 185 kwa mtu mmoja na kubaki na dola moja moja kwa wengine 15. Ila mnada unakula saa tatu au zaidi. Kwa mwaka wa kwanza, chukueni nyoka.

Raundi za mwanzo zinajieleza: McDavid, MacKinnon, Nikita Kucherov, Leon Draisaitl. Sehemu inayotenganisha watu ni baada ya raundi ya nane. Hapo acha majina na uliza maswali mawili: huyu yuko kikosi cha kwanza cha pawaplei cha timu yake? Anapiga mashuti mangapi kwa mechi? Mtu anayecheza pawaplei na watu wakubwa atapata asisti hata kama kipaji chake ni cha wastani. Tovuti ya Daily Faceoff inaonyesha nani anacheza na nani. Na mchezaji anayeruhusiwa nafasi mbili, tuseme senta na winga wa kushoto, mpandishe kidogo kwenye orodha yako. Kwa nini, utaona hapo chini.

Hatua ya 6: Wiki ya kazi

Hapa ndipo ligi zinaposhindwa na kushinda, na hapa ndipo watu wa FPL wanapopotea. Wiki ya fentasi ni Jumatatu hadi Jumapili, na kwa kawaida timu ya NHL inacheza mechi mbili, tatu au nne ndani yake. Mechi zinalundikana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine ni tupu kiasi.

Tazama Jumamosi. Una wachezaji 14 ukiacha makipa, na wote wana mechi. Nafasi za kuanza ni 10. Wanne wanakaa benchi, na kila wanachofunga kinapotea. Jumatano iliyopita waliocheza walikuwa watatu, na nafasi saba zilikaa wazi. Sasa kwenye weiva kuna watu wawili. Wa kwanza ana mechi nne: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili. Wa pili ana tatu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mgeni anamchukua wa kwanza, nne ni zaidi ya tatu. Lakini kwenye kikosi chako kilichojaa, wa kwanza huenda akapata nafasi Jumapili tu, na wa pili anacheza zote tatu. Hesabu mechi utakazozitumia, si mechi zilizoko kwenye ratiba. Yule wa nafasi mbili anasaidia hapohapo: Jumamosi anahamia winga, senta inamwachia mwingine.

Nafasi moja ya mwisho ya benchi usimpe mtu wa kudumu. Ifanye ya kuzungusha, leo mtu wa Jumatatu, kesho kutwa mtu wa Ijumaa.

Walio Afrika Mashariki wana kazi ya ziada. Mechi ya saa moja jioni Toronto ni saa nane usiku Dar mwezi Oktoba, na saa nzima zaidi, saa tisa, baada ya Toronto kurudisha saa nyuma Novemba. Panga kikosi cha siku kadhaa mbele, tovuti zinaruhusu. Habari njema ni kwamba timu hufanya mazoezi asubuhi ya siku ya mechi, ambayo kwenu ni jioni, na hapo ndipo kipa wa usiku huo hujulikana. Mara nyingi kipa anayetoka wa kwanza kwenye barafu ya mazoezi ndiye atakayeanza.

Kuhusu makipa, kumbuka timu ikicheza siku mbili mfululizo, kwa kawaida mechi moja kati ya hizo mbili anapewa kipa wa akiba. Usimpange Connor Hellebuyck kwa mazoea, thibitisha. Na ikiwa ni Jumapili, unaongoza asilimia ya kuokoa kwa tofauti ndogo, na kipa wako anakwenda kucheza ugenini dhidi ya Colorado ya kina MacKinnon, mweke benchi. Ila angalia katiba kwanza: ligi nyingi zinadai makipa wacheze idadi fulani ya mechi kwa wiki, kama tatu, na usipoifikisha unapoteza vipengele vyote vya makipa.

Hatua ya 7: Weiva na ofa

Kwa weiva, tumieni mfuko wa dola 100 za mchezo kwa msimu mzima, zabuni za siri, mwenye dau kubwa anachukua. Ni haki kuliko foleni. Nyota akiumia, zabuni yako ielekee kwa yule anayechukua nafasi yake kwenye pawaplei, kabla ya wengine kuamka.

Ofa nzuri huanza kwa kuitazama timu ya mwenzako, si yako. Ana mabeki watano na mawinga wanaosuasua? Msogelee na winga. Tuma ujumbe kabla ya kubonyeza: “Kaka, naona unahangaika upande wa kulia. Tuzungumze?” Ofa ya kipuuzi inafunga mlango kwa mwezi mzima. Na wakati wa kuuza ni pale mtu wako anafunga kila shuti la nne. Wastani wa NHL ni takriban bao moja kwa mashuti kumi, na karibu kila mtu hurudi huko.

Hatua ya 8: Kazi ya kamishna

Kamishna ana uwezo wa kugusa timu ya mtu yeyote. Kila anapogusa, atangaze kabla, na aweke picha ya skrini ya kabla na baada. Jambo likimhusu yeye mwenyewe, linakwenda kwa wale wajumbe watatu.

Timu ikitelekezwa, usianze na adhabu. Siku saba bila kuguswa, tuma ujumbe pembeni, si kwenye kundi: “Ndugu yangu, una majeruhi wawili wanaoanza tangu Jumatatu. Kama umebanwa, sema leo nikutafutie wa kukushikia.” Mara nyingi kuna msiba, zamu mpya kazini, au mtoto amezaliwa. Siku kumi na nne bila jibu, dhamana imekwenda. Ishirini na moja, timu inapata mwenyewe mpya.

Jueni pia kwamba NHL huweza kusahihisha takwimu baada ya mechi. Asisti inahamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na wiki iliyoisha sare Jumapili usiku inaweza kuwa na mshindi baadaye. Andikeni kwamba masahihisho ya tovuti ni ya mwisho, mjiepushe na mabishano ya video.

Wanaofeli makusudi ili wachague wa kwanza mwaka ujao nao wana dawa: chaguo la kwanza asipewe wa mwisho, apewe bingwa wa mtoano wa walioshindwa kufuzu. Hapo hata timu ya kumi na moja ina sababu ya kupanga kikosi Machi.

Hatua ya 9: Mtoano na kufunga hesabu

Timu sita ziingie, mbili za juu zipumzike raundi ya kwanza. Fainali iishe wiki moja kabla ya msimu wa NHL kuisha, kwa sababu timu zilizokwishafuzu huwapumzisha nyota siku za mwisho, na ni uchungu kupoteza ubingwa kwa kuwa kocha ameamua mtu wako apumzike. Angalia pia mapumziko makubwa: Februari 2026 ligi nzima ilisimama kwa ajili ya Olimpiki ya Milano Cortina. Wiki ya namna hiyo iunganishwe na jirani yake kwenye mipangilio kabla ya msimu, si siku inapofika.

Mweka hazina alipe ndani ya siku saba baada ya fainali na aweke risiti kwenye kundi. Mapendekezo ya kubadili katiba yapokelewe Mei, hasira zikiwa bado mbichi na kumbukumbu ikiwa nzima, yapigiwe kura kabla ya Julai. Kama ni ligi ya kubaki na wachezaji, majina yatajwe kufikia tarehe 15 Septemba. Atakayenyamaza, wachezaji wake wote wanarudi sokoni.